Draiva Yangu na Karatasi ya Gati

Nawaandikia polepole, ninyi mnaoingia kazi hii sasa, kwa sababu sijui kuandika kwa namna nyingine. Shule niliiachia darasa la nane. Neno moja naliandika, naliangalia, ndipo nasogea kwa lingine. Fundi aliyenifunza kazi alikuwa akiniambia, "Barua yako ikifika, aliyekuwa mgonjwa ameshapona au ameshazikwa." Wakati huo tulicheka.

Kazi yangu ilikuwa kuandika draiva. Watu wa Migori wakisikia hivyo waliniuliza naendesha lori la nani. Sikuwahi kuendesha hata baiskeli ya mtu. Draiva zangu ni zile programu ndogo zinazokaa chini kabisa katika kompyuta, ndani ya kiini cha mfumo, mahali memori inapogawanywa. Programu ya juu ikihitaji nafasi ya kuweka maneno yake, inaomba kule chini na kupewa kipande. Ikimaliza, kipande kinarudishwa, mwingine anapewa. Ni kazi isiyo na sifa. Ikienda vizuri hakuna anayejua kwamba upo.

Kugawa ni rahisi. Nimeona vijana wengi hodari wa kugawa. Kinachoua ni kusafisha, na hasa kusafisha pale jambo lilipokwama katikati. Nimesema kinachoua, na sikusema kwa mapambo. Mwanamke mmoja alikufa, na mwingine, Peres Akeyo, karani wa maabara, alipoteza kazi na jina lake jema kwa mistari michache niliyoiandika mimi nikiwa kijana. Nitawaeleza ilivyokuwa, na njiani nitawaachia machache niliyojifunza. Ilikuwa miaka ya tisini. Msinidai zaidi ya hapo, miaka imeshanichanganyikia.

Karakana yetu ilikuwa Migori mjini, chumba kimoja nyuma ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwenye karakana tulimwita Jaduong' Were, yaani Mzee Were, kwa heshima ya umri wake. Alikuwa amefanya kazi ya mitambo ya simu Nairobi miaka mingi, akarudi nyumbani na masanduku mawili ya vitabu na kifua kibovu. Watu walituletea kila kitu. Mwalimu mmoja alibeba skrini peke yake, akalalamika kwamba kompyuta imekataa kuwaka. Tulipomwuliza sanduku lake liko wapi, alisema lile analitumia kuzuia mlango usipigwe na upepo. Katika mashine ya chama kimoja cha wakulima wa tumbaku tulikuta mjusi amekauka juu ya pawa, kile kisanduku cha umeme, miguu ameitanua kama anayeomba.

Jaduong' alinifundisha lugha ya mashine kwa karatasi na penseli kabla ya kuniruhusu kugusa kibodi. Maneno yake si mengi. Niliyakariri kama mtu anavyokariri majina ya ng'ombe wa baba yake. Kiingereza cha vitabu kilinishinda, kwa hiyo yeye alinisomea kwa Dholuo na mimi nikaandika pembeni kwa Kiswahili. Vitabu vyenyewe vilikuwa fotokopi ya fotokopi, kurasa nyingine nyeusi kama sehemu ya chini ya sufuria. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza. Kuijenga draiva upya, yaani kompyuta kuyageuza maandishi yangu kuwa programu, kulichukua muda wa kwenda kula nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya mama wa kibandani, na kurudi. Ukikosea herufi moja, umekula bure.

Alikuwa na kanuni moja ambayo mpaka leo sijaona iliyo bora. Nikimpelekea kazi, aliigeuza karatasi juu chini.

"Nionyeshe unavyotoka," alisema. "Kuingia hata mwizi anajua."

Alitaka niandike kwanza namna ya kufunga, kisha ndiyo niandike namna ya kufungua. Nilimtii mara nyingi. Siyo kila mara.

Sikuwa mtu wa maneno. Mteja akiingia niliinamia kazi mpaka aondoke. Mwenye duka la mbegu aliniita Bubu. "Bubu, leo umesema maneno mangapi?" aliniuliza kila jioni akifunga. Nilimwonyesha vidole. Akicheka, nami nilitabasamu, na kweli nilifikiri unyamavu ni tabia tu, kama mtu kuwa mrefu.

Kabla ya karakana nilikuwa shimoni Osiri, kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu. Mjomba wangu ndiye aliyenipeleka. Nilikuwa mwembamba, nikawa mtu wa kushushwa. Mjomba alikuwa na mwiko mmoja alioushika kuliko alivyoishika Jumapili: mtu aliye hai hahesabiwi. Ukimhesabu kwa kidole unamwonyesha kifo njia. Kwa hiyo shimo letu halikuwa na hesabu ya watu. Kabla ya kamba kuvutwa mara ya mwisho, aliyekuwa juu aliita majina, mmoja mmoja.

"Odhis!"

Na kutoka chini: "Antie!" Yaani niko. Asiyejulikana alipo alingojewa, hata mvua ikinyesha.

Siku moja tulikuwa tukihama shimo. Siku kama hiyo magogo yanayoshikilia ukuta hutolewa, yanapelekwa kwenye shimo jipya. Mjomba alikuwa amekwenda Masara kutafuta kamba, na juu alisimama mgeni, mtu mwerevu, mwenye saa mkononi. Yeye alihesabu. Wameingia wanne, wametoka wanne, haya, toeni magogo. Hakujua kwamba mmoja wa wale wanne waliotoka alikuwa ameingilia shimo la jirani, lililokutana na letu chini kwa chini. Odhis bado alikuwa ndani akikusanya nyundo. Gogo la kwanza lilikuwa limeshatolewa na udongo umeanza kumiminika mjomba alipofika na kuita jina lake. Akasikia "Antie" ndogo sana. Tulimtoa na mfupa wa bega umevunjika.

Mjomba hakumpiga yule mgeni. Alimwambia tu, "Umehesabu waliotoka. Hukuuliza ni nani."

Nilikuwepo. Niliyasikia maneno hayo kwa masikio yangu.

Sasa hospitali. Ilikuwa ya misheni, upande wa Homa Bay, na jina lake nitalinyamazia. Walikuwa na kompyuta moja kubwa ya msaada na skrini tatu zilizounganishwa nayo: mapokezi, maabara na famasi. Memori ilikuwa kidogo, na siku za kliniki mashine ilitambaa. Wafadhili wakatuma kadi ya kuongeza memori, lakini ilikuja bila draiva ya mfumo ule. Jaduong' alisema tutaandika yetu. Kifua kilikuwa kimeanza kumzidi, kwa hiyo mkono ulikuwa wangu, yeye alisoma.

Karatasi ya majibu ya maabara ilikaa kwenye kipande kimoja cha memori, na programu mbili zilikishika pamoja: ile ya kuandikia aliyotumia Peres, na ile ya kuchapa. Kipande hakirudishwi mpaka wote wawili wamekiachia. Utajuaje wamekiachia? Ziko njia mbili. Unaweza kuandika majina ya wanaokishika na kumfuta kila anayeachia. Au unaweka hesabu tu. Akishika mmoja, moja. Wa pili, mbili. Akiachia mtu, punguza. Ikifika sufuri, kipande ni kitupu, mpe mwingine.

Nilifikiria majina. Nilimfikiria Odhis. Nikaona haya. Ningemwambiaje mtu aliyefanya kazi Nairobi kwamba kompyuta iendeshwe kwa miiko ya shimoni? Tena hesabu ilichukua nafasi ndogo, na vitabu vyote vilitumia hesabu. Nikaweka hesabu na kunyamaza.

Hilo peke yake lisingetosha kuharibu. Hesabu ni kitu kizuri ikishikwa na mtu mwangalifu. Kosa lilikuwa mlangoni. Programu ilipotaka kushika kipande, draiva ilifanya hatua tatu: kukitafuta kipande, kumpa mwombaji dirisha la kukionea, kisha kuongeza hesabu. Kadi ile ilikuwa na madirisha machache. Yakijaa, hatua ya pili inakwama na draiva inapaswa kurudi nyuma na kusafisha. Mimi niliandika mlango mmoja wa kutokea kwa kila aina ya kukwama. Niliuona unapendeza, mstari mmoja chini ya mwingine: funga dirisha, punguza hesabu, ondoka. Lakini aliyekwama hatua ya pili hakuwahi kufika ya tatu. Hesabu haikuongezwa kwa ajili yake, na mlango wangu uliipunguza. Ilipunguza ya mwingine, na kipande kikahesabiwa kitupu mwenyewe angali ndani.

Tuliijaribu wiki nzima bila kosa hata moja. Tuliijaribu ikifanikiwa tu, vijana. Hatukuwahi kuijaribu ikishindwa.

Peres alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja, Achieng', na nyumbani kwake ni Rusinga kwa mama mkwe wake. Wiki nzima alikaa karibu na hospitali, Ijumaa alirudi kisiwani. Alichapa bila kuangalia vidole. Pale hospitalini ndiye peke yake aliyenisalimia kwa jina.

"Ouma, leo unakunywa chai ama unaiangalia tu?"

"Nakunywa."

"Ee! Amesema! Andikeni kwa ukuta."

Zamani maabara ilikuwa na kitabu kirefu cha majibu. Kompyuta ilipokuja, katibu wa hospitali alikifungia kabatini, akasema mambo mawili ni ya nini. Fundi wa maabara aliandika namba kwenye kikaratasi, Peres akazichapa, kikaratasi kikatupwa. Mkiwekewa mfumo mpya mahali, ombeni kitabu cha zamani kiendelee walau msimu mmoja. Kitabu hakina kasi, lakini hakisahau.

Siku moja ya kliniki, skrini zote tatu zikiwa na foleni, alikuja mama mjamzito wa Kikuria kutoka upande wa mpakani. Jina lake Gati. Alipimwa damu, ikaonekana ni kidogo mno. Karatasi iliyofika kwa daktari ilikuwa na jina lake juu, na chini yake majibu ya mtu mwingine: damu ya kutosha, kila kitu sawa. Akapewa vidonge na kurudishwa nyumbani. Alijifungua siku ya tatu. Akatokwa na damu kidogo, kiasi ambacho mwanamke mwingine angekivumilia, lakini yeye hakuwa na ya kupoteza.

Mume wake alikuja na ile karatasi mkononi. Kikao kikaitwa asubuhi yake. Jaduong' alikuwa kitandani, kwa hiyo nilikwenda mimi.

Katibu alianza na Peres. "Nani anachapa majibu?"

"Ni mimi."

"Kuna mwingine?"

"Hakuna. Lakini mimi nilichapa nilichopewa. Huyo mama namkumbuka. Damu yake ilikuwa nne na kitu, haifiki nusu ya inayotakiwa. Nilishtuka, hata nikamwambia fundi, huyu alitembea aje mpaka hapa?"

Fundi wa maabara aliulizwa. Alisema watu walikuwa wengi siku ile, hawezi kuapa.

"Sasa hiyo nne imeenda wapi?" katibu akasema. "Imetoka nje kuota jua?" Mtu mmoja alicheka, akajizuia. Katibu akanigeukia. "Wewe kijana wa mashine. Kompyuta inaweza kuchanganya watu?"

Niliangalia viatu vyangu. Sikuwa na uhakika bado, hilo ni kweli. Lakini nilikuwa nimeiona karatasi, jina la mmoja na majibu ya mwingine, na nilishashuku kwamba kipande kile kilipewa mtu wa pili kabla wa kwanza hajakiachia. Ningesema maneno mawili tu: sijui, ngojeni. Kikao kingengoja.

"Ouma," Peres akasema, kwa sauti ya chini kama anayenibembeleza nile. "Waambie. Si wewe unaijua?"

Sikufungua mdomo. Katibu alingoja kidogo, akafunga faili. "Amenyamaza. Basi hakuna la kusema."

Peres alipewa karatasi aandike maelezo yake. Aliambiwa ana dakika tano. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa amepita lango na mfuko wenye kikombe chake na sweta.

Nilirudi Migori siku hiyohiyo na kumweleza Jaduong' akiwa amelala. Alisikiliza macho ameyafumba. Kisha akasema jambo ambalo ninyi mnalifanya kila siku kwa zana zenu, lakini kwangu lilikuwa jipya.

"Usingoje madirisha yajae. Fanya yawe mawili tu. Itese."

Nilibadilisha namba moja na kuijenga draiva upya, na safari hii sikwenda kula. Niliandika jina langu kwa upande mmoja, jina la Jaduong' na ugonjwa wake kwa upande mwingine, nikafungua programu ya tatu ili ikwame. Ilikwama mara moja. Karatasi ikatoka kwenye printa ikiwa na jina langu juu na kifua kikuu chake chini. Nilimpelekea kitandani.

Aliisoma. "Mlango huu nani aliandika?"

"Mimi."

"Na nani aliusoma akaupitisha? Mimi. Tumeua mtu, Ouma."

Ndipo nikamwambia habari za Osiri, yote, yule mgeni mwenye saa, na mtu aliyetoka kwenye shimo ambalo hakuliingia. Sidhani nilikuwa nimewahi kumwambia maneno mengi namna ile. Aliketi.

"Na hilo ulilijua tangu zamani?"

"Tangu shimoni."

"Na hukusema."

"Niliona haya, Jaduong'."

"Haya mpelekee mama mkwe," alisema. "Kazini inaua."

Draiva niliirekebisha kwa siku mbili, na hapa ndipo mahali pa kuwaachia yale machache. Niliondoa ule mlango mmoja. Kila hatua ikapata mlango wake: aliyekwama ya pili anarudisha ya kwanza tu, aliyekwama ya tatu anarudisha ya pili kisha ya kwanza, kinyumenyume, kama mtu anayeshuka ngazi ileile aliyopanda. Usichokifungua usikifunge. Hesabu niliitoa, nikaweka majina, na draiva ikawa haimpi mtu kipande mpaka imewaita wote waliokishika na wote wameondoka. Akija mtu isiyemjua anayetaka kuachia, isimame na ipige kelele, isijifanye imeelewa. Kipande kinachorudishwa kikafutwa chote kuwa sufuri kabla ya kugawiwa tena, ili hata tukikosea siku nyingine, karatasi itoke nyeupe. Karatasi nyeupe daktari ataiuliza. Karatasi iliyojaa maneno mazuri hakuna anayeiuliza. Na tangu siku ile kila draiva niliyoandika niliifanya ishindwe kwa makusudi, kila hatua kwa zamu yake, kabla ya kuijaribu ikifaulu. Wenzangu walisema nina roho ya kuloga mashine.

Lakini hiyo ilikuwa draiva. Peres alikuwa bado.

"Kesho tutakwenda wote tukaseme," Jaduong' aliniambia.

Nikamwomba aniache niandike. Mdomo wangu haufai, nikasema, karatasini nitaeleza vizuri, hatua kwa hatua.

Alikubali kwa shida. "Andika. Lakini leo."

Jioni ile kifua kilimbana, wanawe wakaja kumchukua wakampeleka Kisumu kulazwa. Nikabaki na karatasi. Niliandika mstari, nikauona mkali mno. Nikauandika tena, ukawa laini mno, kama ninajitetea. Nilichora picha ya madirisha. Nikaichana, daktari atacheka. Nikatafuta neno la Kiswahili la kila kitu. Siku zikapita hivyo, na kila jioni mwenye duka la mbegu akiniuliza nimesema maneno mangapi, sikuonyesha kidole. Barua ya ukurasa mmoja ilinichukua wiki tatu. Nikiwa mkweli, siyo mkono pekee uliokuwa mzito.

Katibu aliisoma akiwa amesimama. Aliisoma mara mbili, hilo sitamnyima. Kisha akaitia kwenye faili.

"Mashine sasa ni nzima?"

"Ndiyo."

"Vizuri. Ile nafasi imeshapata mtu." Akaketi, akavuta karatasi nyingine.

Nilitaka kuuliza, na jina jema la Peres? Swali lilifika mpaka kwenye meno. Nikatoka nalo.

Nilikuwa na nakala. Nikavuka lile tuta linalounganisha Mbita na Rusinga, nikauliza njia hadi kwenye boma lao. Ilikuwa Ijumaa mchana. Peres alikuwa ameanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye wavu, anazigeuza kwa mkono. Hakunisalimia kwa jina. Nilimpa barua. Akafuta mikono kwanza kwenye leso, akaisoma palepale, juani, mtoto wake akimshika sketi.

"Ilikuchukua muda gani kuandika hii?"

"Wiki tatu."

"Mimi walinipa dakika tano." Akaikunja kwa mikunjo yake. "Unajua mama mkwe hali chakula ninachopika? Anasema mkono huu uliua mtoto wa watu. Kanisani wamenitoa kwaya. Hakuna aliyenitukana, wamejisogeza tu mbali nami. Kesho ni Sabato. Utasimama mbele na kuwaambia."

"Nitawasomea barua."

"Barua nitakaa nayo. Utasema kwa mdomo."

Sikulala vizuri. Asubuhi nilisimama kwenye kanisa lile la mabati, na nilichotayarisha chote kiliondoka. Nilisema naitwa Ouma, ni mimi niliyeandika programu ya hospitali. Nilisema Peres alichapa sawasawa. Nilisema majibu ya Gati yalifutika ndani ya mashine kwa kosa langu, nililijua baadaye, nikakawia kusema, na siku ya kikao niliulizwa nikanyamaza. Sauti ilikuwa ndogo, mzee wa kanisa akaniambia niseme tena wa nyuma wasikie. Nikasema tena yote. Mara ya pili ilikuwa ngumu zaidi.

"Kwa hiyo kompyuta ilidanganya?" mzee akauliza.

"Hapana, mzee. Niliiambia mahali ni patupu, kumbe pana mtu. Iliniamini."

Mama mkwe wake Peres alikuwa benchi la mbele na Peres benchi la mwisho. Yule mama aliinuka, akapita katikati yetu sote na fimbo yake, akaketi kando ya Peres. Hawakutazamana. Achieng' akapanda mapajani mwa bibi yake.

Baada ya ibada Peres alinisindikiza hadi njia panda. Jua lilikuwa kali, ziwa linaumiza macho.

"Hapa wamesikia," alisema. "Na mume wa Gati?"

"Nilimtafuta kabla ya kuja. Nilifika mpaka kwao. Wanasema alivuka Tanzania na ng'ombe wake baada ya mazishi, hajulikani alipo."

"Kwa hiyo huko aliko bado ananitaja."

"Ndiyo."

Alivunja kijiti, akavunja tena vile vipande. "Umefanya vizuri kuja, Ouma. Sitasema hukufanya vizuri. Lakini siku ukiniona Mbita sokoni, pita upande mwingine."

Vijana, kazi ya hospitali za upande ule ilinirudisha Mbita mara nyingi kabla sijastaafu. Mara mbili nilimwona, mara ya kwanza na beseni la omena mbele yake, mara ya pili na binti mrefu aliyefanana naye. Mara zote mbili nilipita upande mwingine.